Kituo cha polisi cha mtaa kianze na baraza, geti litafuata

Ramani nyingi za vituo vya polisi zinazopita mezani kwetu huanza na geti. Mchoraji anazungusha ukuta, anaweka geti la chuma, kisha anapanga vyumba kwa kufuata vyeo: ofisi ya mkuu wa kituo, ofisi ya upelelezi, ghala la silaha, mahabusu. Raia hutafutiwa nafasi mwisho, na mara nyingi anachopata ni benchi moja lililobanwa ukutani mbele ya kaunta. Makala haya nawaandikia masheha wa Zanzibar na kamati zao, madiwani, mafundi, na askari wenyewe, yaani wale ambao siku moja wataitwa kutoa maoni kuhusu kituo kipya cha Kwahani, Mpendae, Fuoni au Chake Chake. Mkiitwa, msianze na geti.

Anayekwenda polisi mara nyingi si mhalifu. Ni kijana aliyepoteza kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na anataka ripoti ya kupotelewa. Ni dereva wa daladala aliyegongwa ubavuni. Ni bibi ambaye mjukuu wake hajarudi kutoka chuoni na magharibi imeshaingia. Na yumo mama aliyepigwa, anayetaka fomu ya PF3 ili akatibiwe, au mzazi aliyemshika mkono mtoto aliyefanyiwa udhalilishaji. Wote hao hupita mlango mmoja na kusimama mbele ya kaunta moja.

Hebu tuitazame kaunta hiyo. Kimo chake ni mita 1.1 hadi 1.2, inamfika mtu mzima kifuani. Askari yuko upande wa pili, feni inanguruma, nje bodaboda zinapita, basi mlalamikaji inabidi apaze sauti. "Nani kakupiga?" "Mume wangu." Benchi zima limesikia, na kwa mji wetu ulivyo mdogo, kwenye benchi hilo jirani hakosi. Swali la pili likija, mama anajibu kwa mkato. La tatu likija, anasema aliteleza ngazini. Askari hapo hana kosa, kaunta ndiyo iliyomnyamazisha.

Wazee wetu waliijua namna ya kupanga faragha kwa hatua. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ina baraza nje, daka (ukumbi mdogo wa kuingilia) mlangoni, kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu) katikati, kisha ndani. Mpita njia anasalimia na kukaa barazani. Mwenye shughuli anaingia dakani. Wa nyumbani anapita. Na mlango wa daka kwenda ndani haukutazamana na mlango wa njiani, kwa hiyo hata ukiachwa wazi, jicho la barabarani linaishia ukutani. Ramani ya kituo cha mtaa inaweza kufuata mpango huohuo, na kwa maoni yangu hatuna haja ya kwenda kuutafuta mwingine mbali.

Barazani pawe na upenu mpana, mita mbili na nusu hivi, viti vya kujengea, bomba la maji ya kunywa, na dirisha la huduma kwa mambo yasiyo ya siri: ripoti za kupotelewa, vitu vilivyookotwa, kuuliza njia. Wajapani wana vituo vidogo vya mitaani viitwavyo koban, vilivyoanzia Tokyo mwaka 1874, na sehemu kubwa ya kazi yake mpaka leo ni mambo madogo kama hayo. Mtu aliyewahi kuhudumiwa vizuri kwa jambo dogo haogopi kurudi kwa jambo kubwa.

Dakani iwepo meza ya kupokelea yenye kimo cha sentimita 75 hadi 80, viti pande zote mbili, ili askari na raia waangaliane wakiwa wamekaa. Meza hiyo inamfaa pia mwenye kiti cha magurudumu, ambaye kaunta ndefu humficha kabisa. Akishafika mezani, tujue amefikaje: mteremko wa kupandia usizidi kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili, maana yake ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 45 kwa jumla zinahitaji mteremko wa mita 5.4. Nimeona miteremko ya mita moja na nusu iliyojengwa ili ionekane imo. Ile ni ya kupandishia pikipiki.

Dawati la Jinsia na Watoto lipewe mlango wake wa ubavuni, unaotazama kichochoro au bustani na si barabara kuu, bila kibao kikubwa cha kumtangazia kila mpita njia nani anaingia. Ndani pawe na chumba cha kusubiri, chumba cha mazungumzo ambacho ukuta wake umefika hadi kwenye slabu (dari ya mbao tupu hupitisha kila neno), na choo chake chenyewe. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini vimeshaonesha faida ya aliyedhalilishwa kukutana na daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja bila kuzungushwa. Mlango wa ubavuni ni nusu ya kazi hiyo kwa upande wa polisi.

Mahabusu iwe nyuma, gari lake liingilie nyuma, ili aliyeletwa na pingu asipitishwe mbele ya watoto waliokaa barazani. Wanawake wawe mbali na wanaume, na watoto wasichanganywe na watu wazima kwa hali yoyote. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na chumba ambacho hakikuchorwa tangu mwanzo hakipatikani usiku wa kukamatwa. Hewa na mwanga wa mchana viingie kwa matundu ya juu. Mtuhumiwa bado hajahukumiwa, na askari wa zamu naye anavuta hewa hiyohiyo.

Askari watauliza kuhusu usalama wao, na wana haki ya kuuliza. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Baraza iliyo wazi haimaanishi kituo kizima kiwe wazi. Ghala la silaha na chumba cha mawasiliano vikae ndani kabisa, nyuma ya milango miwili. Gari lisiweze kufika ukutani: viti vya zege, vyungu vikubwa vya maua na mashina ya miti vinalizuia sawa na senyenge, bila kumtisha anayekuja na shida. Taa ziangaze njia na nyuso, zisimmulike mtu machoni. Na dirisha la zamu lione barabara, kwa kuwa ukuta mrefu unamficha mvamizi sawasawa na unavyomficha askari.

Sasa joto. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na wengi hudhani dawa yake ni kiyoyozi.

Unguja iko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta. Jua letu hupita karibu na utosi, mara likiinamia kaskazini, mara kusini, lakini asubuhi na jioni hulala chini na kupiga moja kwa moja kuta za mashariki na magharibi. Upenu hauwezi kulizuia jua la saa kumi jioni. Kwa hiyo jengo lilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta fupi zikabili jua hilo bila madirisha makubwa, na madirisha yote ya maana yawe kaskazini na kusini. Upande wa kaskazini, mwezi wa Juni, upenu wa mita 1.2 hutia kivuli zaidi ya mita mbili za ukuta saa sita mchana. Upande wa kusini, mwezi wa Disemba, kivuli hicho kinazidi.

Bahati yetu ni kwamba pepo nazo zinakubaliana na mpangilio huo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini na kusini-mashariki. Chumba chenye tundu la kuingizia upepo upande mmoja na la kutolea upande wa pili kitapata hewa misimu yote miwili, na kiwanda cha katikati kitasaidia vyumba vilivyo mbali na ukuta wa nje. Matofali ya matundu ni rahisi kuliko vioo na hayahitaji pazia. Bati likiwa jeupe, na chini yake pakawa na mwanya wa hewa kabla ya dari, askari wa zamu ya mchana hatahitaji kuambiwa tofauti.

Kiyoyozi kimoja cha ofisini kikiwashwa kwa muda wa saa nane kinakula umeme kuliko taa ishirini za LED za wati kumi zinazowaka usiku kucha, ambazo kwa saa kumi na mbili hutumia uniti 2.4 tu. Ukishaondoa viyoyozi, mzigo wa kituo kidogo unakuwa mwepesi: taa, redio za mawasiliano, kompyuta mbili tatu, feni. Paneli za umeme wa jua za kilowati tatu na betri zinaubeba. Wazanzibari hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya hili. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na ingawa mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wa megawati 100, tunaukumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Usiku wa giza ndio usiku ambao kituo hutakiwa zaidi, na jenereta ikikosa dizeli ni chuma tu.

Kuhusu maji, hesabu ni nyepesi. Mjini hunyesha takriban milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200 hupokea lita 300,000. Toa thuluthi ya kumwagika na kuoshea bati, zinabaki 200,000. Hazitatosha kwa kiangazi cha Januari na Februari, lakini kwa vyoo, usafi na miti zinapunguza bili kwa kiasi cha kuonekana. Majitaka nayo yasisahauliwe. Kisiwa chetu sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yenye nyufa, na shimo lisilo na sakafu linateremka kwenye maji yaleyale tunayoyavuta visimani. Tangi la majitaka liwe na sakafu na kuta zisizovuja.

Vifaa nitavigusa kwa ufupi. Karibu na bahari chumvi hula nondo, basi zege la kuzifunika lisipungue sentimita nne au tano. Mchanga wa pwani usitumike, hata fundi akiapa kwamba ameuosha.

Nje ya kituo kuna jambo moja ambalo ramani karibu zote hulisahau: vyombo vilivyokamatwa. Bodaboda, vespa na magari ya ajali hurundikwa uani mpaka kesi iishe, mafuta yanachuruzika ardhini, maji ya mvua yanatuama kwenye matairi na kufuga mbu. Sehemu yake itengwe tangu mwanzo, iwe na sakafu ya zege yenye mfereji wa kukusanyia mafuta na paa jepesi, nje ya macho ya barazani.

Mwaka 2015 kampuni ya wasanifu ya Studio Gang ilionesha Chicago wazo la kuvigeuza vituo vya polisi kuwa sehemu za jamii, na katika maegesho ya kituo kimoja kikajengwa nusu uwanja wa mpira wa kikapu. Wazo ni zuri, ila sidhani mzee wa Jang'ombe atakwenda kucheza bao polisi, hata apewe kahawa. Atakwenda akiwa na haja. Bora kijengwe chumba cha mikutano chenye mlango wake wa nje, sheha akitumie kwa vikao, na jioni wanafunzi wa skuli wasomee kwa taa ya jua.

Mwisho kabisa wa mchoro, pawekwe karatasi ya matunzo yenye majina ya vyeo: nani anasafisha mifereji ya paa kabla ya masika, nani anafuta paneli vumbi la kaskazi, nani anakagua betri, nani anapaka chokaa, na fedha yake inatoka kifungu gani cha bajeti. Ramani isiyo na karatasi hiyo irudishwe kwa aliyeichora.