Kuihusisha picha na mchoraji maana yake nini?

Chini ya picha ya zamani kukiandikwa "Rembrandt, amejichora mwenyewe", kuna madai mawili: uso ni wake, na mkono ni wake. La kwanza kwa kawaida halina ubishi. La pili ndilo huitwa kuihusisha picha na mchoraji, yaani uamuzi wa wataalamu, kwa ushahidi walio nao, kuhusu nani hasa aliyeshika brashi.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi (1606–1669), alikuwa na wanafunzi waliomlipa ada, na kunakili kazi za mwalimu, uso wake ukiwemo, kulikuwa sehemu ya mafunzo. Mwalimu aliweza kuuza kazi za karakana yake kwa jina lake bila kuonekana tapeli. Ndiyo maana saini peke yake haitoshi.

Chukua picha mbili za takriban 1629, karibu pacha, zikimwonyesha Rembrandt kijana amevaa kola ya chuma ya askari. Moja iko Mauritshuis, jumba la makumbusho la The Hague, Uholanzi. Nyingine iko Nürnberg, Ujerumani. Kwa muda mrefu ya The Hague ndiyo iliyosifiwa kuwa asilia, na mwenzake akadharauliwa kama nakala. Miaka ya 1990 mambo yakapinduka. Miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ilifichua, chini ya rangi ya ile ya The Hague, mchoro wa mistari uliofuatwa kwa uangalifu, kama afanyavyo anayenakili. Rembrandt hakuwa na desturi hiyo. Aliingia moja kwa moja na brashi, akibadili mawazo njiani. Unadhifu uliowavutia watu ndio uliopaswa kuwatia shaka mapema.

Vipimo navyo vina mipaka. Pete za ukuaji wa mti kwenye ubao wa mwaloni uliochorewa picha huonyesha mti haukukatwa kabla ya mwaka gani. Mti ukiwa ulikatwa baada ya mchoraji kufa, kesi imekwisha. Tarehe zikilingana, bado mwanafunzi wake anaweza kuwa ndiye aliyechora. Hapo hubaki jicho la mtaalamu, na jicho hubadili kauli: picha ya Buckland Abbey, Uingereza, ilikataliwa mwaka 1968, kisha 2014, baada ya kuondolewa vanishi iliyogeuka manjano, ikatangazwa kuwa ya Rembrandt.

Kwenye orodha za mnada, basi, soma maneno madogo. "Inadhaniwa ni ya" huacha mlango wazi. "Karakana ya" humaanisha ilitoka chumba kilekile. "Mfuasi wa" huenda hakuwahi hata kukutana naye.