Aina za seli T na jinsi flosaitometri inavyozitenganisha

Ukizitazama kwa darubini, seli T zote, yaani seli nyeupe za damu za kinga, ni sura moja. Kinachozitofautisha ni protini zilizo kwenye utando wake wa nje, zilizopewa namba za CD. CD3 ndiyo alama ya seli T. Yenye CD3 pamoja na CD4 ni seli saidizi. Yenye CD3 na CD8 huua seli zilizoingiliwa na virusi. Flosaitometri, njia ya kuhesabu seli kwa mwanga, hubandika kingamwili zenye rangi ing'aayo kwenye protini hizo, kisha hupitisha seli moja moja mbele ya leza.

Kwa kawaida huchukuliwa mikrolita 50 za damu na mikrolita 20 za kingamwili, zikakaa gizani dakika 15 kwa joto la chumba, maana mwanga hufifisha rangi. Baadaye hutiwa dawa ya kupasua seli nyekundu.

Kwenye kompyuta ndipo wengi wanapoteleza. Geti ni mpaka unaouchora kwenye grafu kuchagua kundi la seli. Ya kwanza ni ya limfosaiti, kundi la seli nyeupe lenye seli T: CD45 (protini ya seli nyeupe) nyingi, mtawanyiko wa pembeni (mwanga unaorushwa kando na seli) mdogo. Ya pili ni CD3. Usiiruke, kwani monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 kidogo na zitakuongezea hesabu ya uongo. Kisha jumlisha CD4 na CD8: jibu likaribie CD3. Pengo dogo ni la kawaida, kuna seli T zisizo na yoyote kati ya hizo mbili. Likiwa kubwa, kagua geti, halafu angalia kama mwanga wa FITC, mojawapo ya zile rangi zing'aazo, unavujia kwenye kigunduzi cha rangi nyingine, PE.

Damu inayotoka Micheweni kwenda Chake Chake, huku Pemba, au inayovuka kwa boti kwenda Unguja, iwe kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau, iliyogeuzwa taratibu mara nane mara tu baada ya kutolewa. Bonge likishafanyika, seli zimenaswa humo na sampuli haifai tena. Usiiweke juu ya barafu, wala usiiache juani. Nyuzi 18 hadi 25 zinatosha.

Na pipeti jamani! Mashine inayohesabu kwa kulinganisha na shanga za kipimo, ambazo idadi yake inajulikana, huamini kwamba umetia mikrolita 50 kamili. Ukitia 45, mgonjwa wa VVU mwenye seli za CD4 210 kwa mikrolita atasomeka 189, na chini ya 200 anahesabiwa kuwa na VVU iliyokithiri. Futa damu iliyoshika nje ya ncha ya pipeti kabla ya kutia damu kwenye tyubu.