Gambiti "imara" ya nyeusi ni ipi hasa?

Kwenye chesi gambiti ni ule ufunguzi ambao unatoa askari makusudi ili upate kitu kingine, na utasikia watu wanasema gambiti hii imara, ile mbovu, na wengi wanadhani imara ni ile inayoshinda mara nyingi. Hapana. Imara ni ile ambayo hata mpinzani akilijua jibu sahihi hatua kwa hatua, wewe uliyetoa askari bado unabaki na fidia, yaani kete zako zimetoka haraka, au ngome zako zina njia wazi, au mfalme wake hana pa kujificha. Kama inategemea jamaa asijue, huo ni mtego tu.

Na kwa nyeusi hesabu ni kali zaidi, maana nyeupe ndo anaanza, akitoa askari bado ana ile hatua yake ya mbele, ila wewe unatoa askari huku tayari uko nyuma.

Chukua Englund. Nyeupe anacheza d4 (yaani askari kwenye mraba wa d4; herufi ni safu, namba ni mstari), wewe e5 hapo hapo. Anakula, unatoa farasi c6, naye farasi f3, malkia wako e7 anamwinda yule askari, analinda kwa askofu f4, unapiga cheki malkia b4, askofu anarudi d2, malkia anakula b2. Sasa hapa ndo penyewe. Akiweka askofu c3 kumfukuza malkia kaisha, askofu wako anaingia b4 kumfunga yule wa c3 asisogee, malkia wake anakuja d2, unakula c3, akirudishia kwa malkia unashuka c1 chekmeti, akirudishia kwa farasi ngome ya a1 imeenda. Tamu kweli! Lakini akiweka farasi c3 badala ya askofu, mtego umekufa. Ndiyo askari umeshamrudisha, ila malkia wako yuko peke yake ndani ya kambi ya adui na nyeupe anazitoa kete zake zote kwa kumkimbiza huyo huyo.

Stafford, gambiti nyingine ya nyeusi, nayo ni hivyo hivyo, mchezaji wa Marekani Eric Rosen kaipa umaarufu sana YouTube na ina chekmeti nzuri ajabu, ila nyeupe akitulia, askofu e2, halafu c3 na d4 kwa wakati wake, unabaki na askari pungufu basi.

Linganisha na Budapest: d4, farasi f6, c4, e5, anakula, farasi anaruka g4. Mitego ipo pia, kuna ile ya farasi kutua d3 na ni chekmeti kwa sababu askari wa e2 kabanwa na malkia wa e7 (akisogea, mfalme wake anabaki wazi), lakini hiyo ni nyongeza tu. Nyeupe asiponasa popote, kawaida askari wako unampata na kete zako zinatoka vizuri, yeye yuko juu kidogo tu. Berlin 1918 Vidmar alimpiga nayo Rubinstein kwa hatua 24, na Rubinstein hakuwa mtu wa mchezo, alikuwa mmoja wa vigogo wa chesi enzi hizo.

Mimi ninayoiheshimu kuliko zote ni Benko, unatoa askari wa b5, kisha a6, na wala huna haraka ya kumrudisha. Unapata njia za a na b kwa ngome zako, askofu g7 anapiga mstari mrefu mpaka kule b2, na gambiti nyingi malkia wakishakulana zinapoa, hii presha inabaki mpaka mwisho wa mchezo. Injini (programu za kompyuta za chesi) bado zinampa nyeupe nafuu, sawa, ila hiyo nafuu lazima aifanyie kazi kila hatua.

Kwa blitz, yaani gemu ya haraka, ya dakika 3 cheza Englund yako, itakupa pointi. Kwenye gemu ndefu, na mtu aliyeziangalia gemu zako jana usiku, farasi c3 utaiona.