Maana ya Kuvimba kwa Mishipa ya Shingo

Mishipa ya shingo husemwa kuwa imevimba pale vena zinazorudisha damu kutoka kichwani zinapobaki zimetuna ilhali mtu ameketi au ameegemea, hakohoi, hapazi sauti wala hanyanyui mzigo. Mishipa ya msomaji kaswida au ya mchukuzi wa bandarini hutuna pia, lakini hunywea mara anapotulia na kuvuta pumzi, na hilo si ugonjwa.

Vena kubwa ya shingo upande wa kulia hushuka karibu moja kwa moja hadi kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, kwa hiyo huonyesha shinikizo la chumba hicho kama mpira mwangavu uliofungwa ubavuni mwa tangi unavyoonyesha kiwango cha maji. Daktari humwegemeza mgonjwa kwa pembe ya takriban nyuzi 45, kisha hupima kwa rula kimo cha wima kuanzia kwenye tuta la mfupa wa kidari, pale ubavu wa pili unapoungana nao, hadi mahali mpapatiko wa vena unapokomea. Kimo kikizidi sentimita 3 au 4, shinikizo limepanda.

Mara nyingi chanzo ni upande wa kulia wa moyo kushindwa kusukuma damu inayoufikia, ama kwa sababu upande wa kushoto umedhoofishwa na shinikizo la damu la miaka mingi, ama kwa vali (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, ama kwa maradhi ya mapafu. Huku kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu nacho hakisahauliki, kwani huweza kujaza maji katika mfuko unaouzunguka moyo au kuukakamaza; mfuko ukikakamaa, kimo cha mpapatiko wa vena huweza kupanda mgonjwa avutapo pumzi, badala ya kushuka kama kawaida. Vena zilizojaa bila kupapatika hata kidogo huelekeza kwingine, pengine kwenye uvimbe unaobana vena kuu kifuani.

Mishipa ikivimba pamoja na miguu au tumbo, mtu aende hospitali bila kuchelewa. Kukiwa na pumzi kubana, maumivu ya kifua au kuzirai, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Asimeze dawa ya kupunguza maji aliyoazima kwa jirani, maana ikiwa maji yamejaa kwenye mfuko wa moyo, dawa hiyo huweza kushusha zaidi damu inayoingia moyoni.