Punguza saa, usipunguze boda

Wiki jana kijana mmoja wa darasa letu la programu hapa Kisumu alituletea gemu yake, boda boda inatoka Kondele inashuka mpaka Kibuye ikikwepa matatu na mashimo. Kwa laptopu yake iko freshi kabisa. Tukaiweka kwa kompyuta moja kuukuu ya maabara, boda ikaanza kutambaa kama imeishiwa mafuta, na mwenyewe akaapa hiyo mashine ina virusi.

Hakuna virusi. Shida ni laini moja ya kodi (kodi ya programu, si ya landilodi): x = x + 5. Gemu inachora picha moja baada ya nyingine, hizo ndio fremu, na boda yake inasonga pikseli 5 kila fremu. Laptopu inachora fremu 60 kwa sekunde so boda inaenda pikseli 300, ile kuukuu inajikokota na 20 tu, hesabu mwenyewe, ni pikseli 100.

Sasa andika hivi: x = x + 300 * dt. Hiyo dt ni muda uliopita tangu fremu ya mwisho, kwa sekunde. Kwa mashine kuukuu ni 0.05, kwa hivyo boda inaruka pikseli 15 kila fremu, mara 20, unarudi palepale 300. Hata wakubwa wamepitia hii, gemu ya Space Invaders ya 1978 maadui walikuwa wanakimbia zaidi vile unawamaliza juu mashine ilikuwa imebaki na wachache wa kuchora, na Nishikado aliyeitengeneza akaona ni tamu akaiacha hivyo.

Slomo (slow motion, ile mwendo wa polepole wa sinema) sasa ndio watu wanakosea sana. Unataka boda iruke tuta polepole, unaenda unakata spidi yake ya kuruka nusu. Inaruka robo tu ya kimo cha kwanza, na matatu zinapita vuu kama kawaida! Usiguse boda, gusa muda: zidisha dt na 0.3 (hiyo namba ndio skeli) na kila kitu, mpaka vumbi, kitapungua pamoja. Kwa Unity na Godot, zile programu za kutengeneza gemu, skeli iko tayari: Unity ni Time.timeScale, Godot ni Engine.time_scale.

Lakini chunga saa ya kumaliza hiyo slomo. Ukiihesabu na dt iliyopunguzwa, sekunde 2 kwa skeli ya 0.1 zinakuwa sekunde 20 na mchezaji anadhani gemu imehang, kwa hivyo hapo, pamoja na menyu, tumia unscaledDeltaTime, yaani dt ya Unity isiyopunguzwa. Fizikia ya Unity nayo inahesabiwa kila sekunde 0.02 za muda wa gemu, kwa skeli hiyo ya 0.1 unabaki na hesabu 5 tu kwa sekunde ya kweli, boda inasonga kwa kushtukashtuka mpaka upunguze hiyo 0.02, yaani fixedDeltaTime, pia. Sauti haipungui yenyewe, shusha pitch (mlio uwe mzito na wa polepole) mwenyewe, la sivyo boda inaelea hewani na injini bado inanguruma kama iko Kondele.