Nati Haikazwi kwa Sauti ya Impakti

Kila fundi wa gereji hapa Mombasa, awe Changamwe, Kisauni au Likoni, ameambiwa hivi na mteja: "Fundi, kaza sana, hii gari inakwenda safari." Mteja husimama pale pale akiisikiliza impakti, ile mashine ya upepo ya kukazia na kufungulia nati, na kabla haijapiga ule mlio wake wa mwisho mrefu haridhiki. Kibaya zaidi, wapo mafundi waliofunzwa hivyo hivyo, nao wanawarithisha vijana wao. Dhana hii inaua stadi (zile skrubu za gurudumu zinazoingia nati), diski za breki na rimu zilizokuwa nzima, na imefika wakati isemwe wazi.

"Nati ikikazwa zaidi, gurudumu ni salama zaidi"

Si kweli. Kinacholishika gurudumu ni stadi iliyovutika. Ukikaza nati, stadi inarefuka kidogo sana, kisha inataka kurudi urefu wake wa kwanza, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu, kitovu linapofungwa gurudumu. Ndani ya kipimo, chuma hurudi kilivyokuwa. Ukikipita, hakirudi tena: stadi inabaki ndefu, meno yanaanza kunyofoka, na nguvu ya kubana inashuka wakati wewe unaamini umeiongeza. Stadi ya namna hiyo mara nyingi haikatiki gereji. Hukatika barabarani, gari likiwa na abiria na mizigo.

Chukua Probox, Vitz au Axio, magari yanayojaa gereji zetu. Stadi yake ni ya milimita 12, hatua ya 1.5, yaani umbali wa jino hadi jino. Nati inashikwa na soketi ya 21, na kipimo cha Toyota ni Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiwa na spana ya urefu wa nusu mita, Nm 103 ni sawa na kuvuta kilo 21 kwenye ncha ya mpini. Hapo hakuna kujikamua wala kuning'inia. Impakti ya nusu inchi (ukubwa wa ncha inayoingia kwenye soketi) iliyo nzima hutoa zaidi ya Nm 500, na haijui pa kusimama. Kadiri unavyoshikilia kitufe ndivyo nyundo yake ya ndani inavyozidi kugonga. Ule mlio mnaoupenda ni wa nyundo hiyo, na hauwezi kukuambia nati imefika 100 au 350.

Athari yake ya kwanza huonekana kwenye diski. Nati moja ikiwa Nm 90 na jirani yake 300, diski inavutwa upande kwa sehemu ndogo ya milimita. Magari mengi madogo hayavumilii diski iyumbe zaidi ya takriban milimita 0.05, kwa hiyo kosa la kuonekana kwa jicho halihitajiki. Siku ya kwanza dereva hasikii kitu. Baada ya kilomita elfu kadhaa, pedi zimekwisha kuila diski sehemu moja zaidi ya nyingine, na akishuka Mazeras akikanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi. Anarudi akilalamika kwamba aliuziwa pedi feki. Pedi hazina kosa, na ukimbadilishia pedi bila kupima diski wala kukaza nati kwa kipimo, atarudi tena.

Athari ya pili ni pancha. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini wa sentimita 30, anapata kama Nm 200 tu. Nati iliyopigwa na impakti mpaka 400 haifunguki kwa spana inayokuja na gari, hata dereva arukeruke juu yake. Mama aliyepata pancha Kibarani saa tatu usiku hafaidiki chochote na ule mkazo aliouomba mchana.

Kazi yenyewe iende hivi. Sugua uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu gamba la kutu likibaki katikati litasagika baadaye na nati zitalegea zenyewe. Sisi wa pwani, kwa hewa hii ya chumvi, hatua hiyo hatuna ruhusa ya kuiruka. Anza kila nati kwa vidole, izunguke angalau mara tano bila chombo. Ikikataa kwa vidole, meno yana shida, na impakti itayaua kabisa. Zifikishe zote mpaka ziguse rimu, teremsha gari mpaka tairi ikanyage chini, kisha shika spana ya toki, ile inayogonga ikifika kipimo ulichoiwekea: mzunguko wa kwanza Nm 50, wa pili 103, ukivuka upande wa pili kila mara, usifuate duara. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kipimo, hasa kwa rimu za aloi.

Halafu angalia umbo la nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za chuma, na aloi nyingi za kununua madukani, zinataka nati ya koni. Ukizichanganya, nati inagusa rimu kwenye mstari mwembamba tu na italegea hata uikaze kwa kipimo gani. Mteja anayeniomba nikaze zaidi wakati nati zenyewe si zake, ananiomba nifunike tatizo.

Impakti ni chombo kizuri sana cha kufungulia. Mimi kwenye kufunga ningeipiga marufuku gereji nzima, isipokuwa kuzungusha nati mpaka iguse, kwa nguvu ya chini kabisa.

"Ukipaka oili kwenye meno, nati inakaza vizuri"

Nguvu unayotia kwenye nati, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, kama asilimia 40 inaliwa kwenye meno, na takriban 10 tu ndiyo inayovuta stadi. Ukitia oili unapunguza msuguano, kwa hiyo Nm 103 zile zile zinaivuta stadi kupita kiasi. Kutu inafanya kinyume chake: spana inalia na stadi haijavutika. Nm 103 ni ya meno makavu na safi. Grisi ya shaba ipake nyembamba kwenye duara la katikati ya habu, ambako rimu hugandia, na usiifikishe kwenye stadi.

"Mkono wangu umezoea, ndio kipimo changu"

Mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni. Mkono wenye spana ya sentimita 20 si mkono wenye spana ya sentimita 45. Nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa injini ya Toyota ya 1NZ, yenye kichwa cha 14, inataka takriban Nm 37. Fundi aliyezoea magurudumu anaikaza kwa mkono ule ule, na sampu zilizokufa meno zinajulikana gereji zote.

Spana ya toki nayo ina adabu zake. Shika kwenye mpini ulipochongwa pa kushikia, vuta polepole, ikigonga mara moja acha. Ukigonga ya pili na ya tatu "kwa uhakika", umeshaongeza. Usiitumie kufungulia. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, la sivyo springi iliyolala imebanwa itakuwa inakudanganya. Ikianguka sakafuni, ipimwe kabla ya kutumika tena. Na hata isipoanguka, kiwango cha ISO 6789 kinataka ipimwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000. Usikaze nati ya Nm 15 kwa spana inayofika 200, maana sehemu ya chini ya kipimo chake, kama moja ya tano, haiaminiki. Kuongeza ekstenshoni iliyonyooka hakubadilishi kipimo. Kichwa cha spana kinachochomoza pembeni kinakibadilisha, isipokuwa kikikaa nyuzi 90 na mpini.

"Impakti imechoka, ongeza presha"

Vyombo vingi vya upepo vimetengenezwa kwa psi 90, na hiyo ipimwe kwenye chombo kikiwa kinafanya kazi, si kwenye saa ya tangi. Ukipandisha tangi mpaka 150 unaharibu chombo na unahatarisha watu. Mara nyingi tatizo ni paipu: nyembamba ya milimita 6 ndani, ndefu ya mita 15, na kapilingi za bei rahisi zinazobana njia. Weka paipu ya milimita 10, ifupishe, na utaona impakti ile ile imefufuka. Ya inchi moja, ya malori, inataka paipu nene kuliko hiyo.

Sababu nyingine ni maji. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na kompresa inapoibana, maji hubaki chini ya tangi. Kila jioni fungua koki ya chini mpaka utoke upepo mkavu. Tangi lisilomwagwa linaoza kutoka ndani, na siku likipasuka hakuna wa kumlaumu ila aliyelala bila kulimwaga. Weka kichujio cha maji kwenye laini, na kila asubuhi tia matone manne au matano ya oili ya vyombo vya upepo kwenye mdomo wa impakti, kisha uizungushe kidogo. Usitie oili ya injini, ni nzito, inagandisha mapezi ya ndani. WD-40 nayo inaosha oili iliyokuwemo na kuacha chombo kikavu.

"Soketi ni soketi"

Soketi inayong'aa ni ngumu na kavu. Ikipigwa na impakti inaweza kupasuka na vipande kurukia macho. Ya impakti ni nyeusi, nene, ya kromu na molibdeni, na inavumilia mapigo. Ukinunua, chukua ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye kona, na nati yenye kutu inaviringika papo hapo.

"Bisibisi za nyota ni zile zile"

Magari yetu mengi yametoka Japani, na skrubu zake za nyota ni za kiwango cha Kijapani, JIS. Nyingi zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya Phillips, ile ya nyota ya kawaida, haifiki chini ya tundu, ikizungushwa inapanda juu, na kichwa kinakufa. Skrubu zinazoshika diski, na kwa pikipiki zile za kifuniko cha masta silinda (pampu ya breki), ndizo zinazouawa sana. Nunua bisibisi ya JIS namba 2 na namba 3, na kwa zilizoganda, bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ambayo inasukuma chini na kuzungusha kwa pigo moja. Hiki ndicho chombo ambacho kijana anayeanza kazi pwani angekinunua kabla ya seti kubwa ya spana zinazong'aa.

"Bomba la breki lifungue kwa spana flati"

Nati ya bomba la breki la Toyota, ya 10, ni laini. Spana flati inaishika pande mbili tu, inaviringisha kona, kisha inakuja vaisgripi (koleo la kubana), kisha bomba linajipinda na kukatika, na kazi ya dakika tano inageuka kununua bomba jipya. Ipo spana maalumu, ringi iliyokatwa pengo ili ipite juu ya bomba, inayoshika karibu pande zote sita. Pulizia dawa ya kutu usiku uliotangulia, sukuma kidogo upande wa kukaza mpaka nati iitike, kisha ndio ufungue. Ukirudisha, anza kwa vidole, Nm 15 inatosha, toa upepo kwenye breki, na mtu akanyage pedali kwa nguvu huku wewe ukipapasa kiungo kwa karatasi kavu kuona kama kuna unyevu.