Safura ya mbwa ni nini?

Masika yaliyopita, mbwa mchanga wa jirani yangu hapa Sahare, Tanga, alikuwa akila ugali na vichwa vya samaki mpaka sufuria inang'aa, na bado mbavu zinahesabika. Jirani akaniambia, "Huyu hashibi tu." Nikamfunua mdomo. Fizi za mbwa mzima zina rangi ya pera lililoiva ndani. Zake zilikuwa nyeupe pee. Hakuwa na njaa, alikuwa akiishiwa damu.

Hiyo ndiyo safura. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, lina maana ya umanjano, na wengi tunalijua kwa binadamu aliyepauka kwa kukosa damu. Mbwa ana minyoo wake wa safura: wembamba kama uzi, urefu wa sentimita 1 hadi 2. Hung'ata utumbo mdogo wakanyonya damu, na wakihama huacha kidonda kinavuja. Ndiyo maana kinyesi hutoka cheusi kama lami. Wale warefu mfano wa tambi anaowatapika ni minyoo wengine.

Mayai hutoka na kinyesi. Mchanga, joto na unyevu, yaani pwani yetu hasa, huyaangua kwa siku moja au mbili, na kwa kama wiki moja lava (minyoo wachanga) wako tayari kupenya ngozi au kumezwa mbwa anapojilamba. Mtoto akikanyaga mchanga huo peku, lava humtambaa chini ya ngozi na kumwachia mstari mwekundu uliopinda, wenye muwasho wa kukosesha usingizi.

Anayesahauliwa ni mama mbwa. Lava hulala ndani ya misuli yake, na akizaa huamka wakaingia kwenye maziwa. Kwa hiyo watoto wa mbwa huanza dawa wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wafikishe angalau wiki 8, na mama hupewa pamoja nao. Tafadhali, usimpimie kwa macho dawa ya mbuzi iliyobaki. Mwone daktari wa mifugo, dozi huenda kwa uzito.

Jirani alipewa dawa ya mbwa wake wote. Kisha akalihamisha banda kutoka chini ya mwembe, akaliweka juani juu ya sakafu ya saruji, maana lava hawastahimili ukavu, na kinyesi sasa anakizoa kila asubuhi.